Nilikwenda Kuona Mto Wetu Unakoanzia



Mimi ni bwana shamba. Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka 20 katika vijiji vya upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Nina cheti cha kilimo, nina pikipiki ya kazi, na barazani ninajulikana kwa maneno mengi. Ukinisikiliza utadhani ninajua kila kitu. Leo nataka kukueleza jambo ambalo sikulijua, na jinsi kutojua kwangu kulivyokaribia kuua mtu.

SWALI LA MAMA MMOJA

Mwishoni mwa mwaka 2020 mvua zilianza kukosekana. Zikakosekana tena mwaka 2021, msimu baada ya msimu. Mto Nithi, ule unaopita chini ya daraja katika barabara ya Embu kwenda Meru, ulipungua sana. Watoto waliuvuka kwa kuruka juu ya mawe.

Watu wa juu, wenye chai na kahawa, waliweka mipira na pampu mtoni ili kunyweshea mboga zao. Watu wa chini, upande wa Tharaka kwenye joto, wenye mtama, ndengu na mbuzi, walikuta mawe makavu. Wa chini wakasema, "Wa juu wametuibia mto." Wa juu wakajibu, "Mto unapita kwetu. Tuuache upite huku kabichi zinakauka?"

Usiku mmoja mtu alikuja na panga akakata mipira ya watu sita. Hapo chifu akaita baraza.

Niliposimama kusema, nilisema yale ninayoyasema kila mwaka. Tusilime hadi ukingoni mwa mto. Tupande miti. Tusichome msitu. Tulinde chanzo cha maji. Mama mmoja, mwanafunzi wa darasa la kisomo cha watu wazima, akainua mkono.

"Bwana shamba," akasema, "kila mwaka unatuambia tulinde chanzo cha mto. Hicho chanzo kiko wapi?"

"Kiko mlimani, mama," nikajibu.

"Mlima ni mkubwa. Mlimani wapi? Wewe umekiona?"

Watu wote wakanitazama. Sikuwa nimekiona. Miaka yote ile nilikuwa nikiwaambia watu walinde kitu ambacho mimi mwenyewe sikukijua. Watu wakacheka, na chifu naye akacheka. Kicheko kile nilikwenda nacho nyumbani, nikalala nacho.

Kesho yake nilikwenda kwa chifu nikamwambia, "Nitapanda mlima nikaone. Lakini sitakwenda peke yangu. Nipe mtu mmoja wa juu na mtu mmoja wa chini."

Wa juu alikuwa mkulima wa chai, mtu wa miaka 40 hivi, mwenye mabega mapana. Yeye ni mmoja wa wale waliokatiwa mipira. Wa chini alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mtama, mzee wa zaidi ya miaka 60. Wawili hawa walipokutana walisalimiana kwa sababu ya adabu tu.

HARAKA YANGU

Tulipanda Januari 2022. Mji wa Chogoria ndio mlango wa upande huu. Huko tulimpata kijana mmoja ambaye kazi yake ni kuongoza watu mlimani. Ni vizuri ujue, msomaji, kwamba sehemu ya juu ya Mlima Kenya ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1949. Mtu haingii ovyo. Hulipa kiingilio, huandika jina lake langoni, na huenda na wenzake.

Tulipanda Land Rover kupitia msitu. Tuliacha chai nyuma, tukaingia kwenye miti mikubwa, kisha kwenye mianzi iliyofunga njia pande zote mbili. Njia ilikuwa na tope na mavi ya ndovu. Jioni tulifika langoni, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi ilikuwa kali. Mzee wa Tharaka alivaa makoti mawili akasema, "Kumbe watu wa juu mna haki ya kuwa na roho ngumu. Mnaishi karibu na barafu." Mkulima wa chai hakucheka.

Usiku ule kijana wetu alinishauri. "Mwalimu, tulale hapa siku mbili. Miili izoee. Hasa mzee, kwao ni chini sana."

Mimi nilikuwa na ruhusa ya siku tatu tu kutoka ofisini. Tena siku moja zaidi ni pesa zaidi. Nikamwambia, "Hawa ni wakulima. Wamezoea kupanda milima na mizigo. Kesho twende hadi juu, tulione ziwa, kesho kutwa turudi."

Kijana akanyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikilipa. Msomaji, kumbuka neno hilo. Mara nyingi anayelipa si anayejua.

Kesho yake tulitembea tangu alfajiri. Miti iliisha, tukaingia kwenye nyasi ndefu zilizoota mafungu mafungu, na vichaka vyenye majani madogo. Njia ilipanda bila kupumzika. Mkono wa kushoto palikuwa na korongo kubwa, na ndani yake Mto Nithi ulikuwa ukinguruma. Kila tukipanda, korongo nalo lilizidi kwenda chini. Ukitazama chini miguu inalegea.

Saa sita mzee alianza kubaki nyuma. Nilimwuliza, "Mzee, uko salama?" Akasema, "Kichwa kinagonga kidogo tu." Saa nane alikataa kula mkate. Nikamwambia ni uchovu, nikampa dawa ya kichwa. Hakutaka kuonekana dhaifu mbele ya mtu wa juu. Mimi nami sikutaka kuona.

Jioni tulifika mahali pa kulala, zaidi ya mita 4,200, pembeni kabisa mwa korongo. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Kijana akaonyesha kwa fimbo chini ya ukungu akasema, "Ziwa liko hapo, chini ya miguu yenu." Hatukuona chochote. Tulisikia sauti ya maji tu.

MAHARAGWE YASIYOIVA

Nilikuwa nimebeba mahindi na maharagwe, maana kwetu hicho ndicho chakula cha nguvu. Tuliyaweka kwenye stovu. Yalichemka saa moja, yakachemka saa mbili, yakachemka hadi mafuta yakakaribia kwisha. Ukiuma haragwe moja, gumu kama changarawe.

Kijana alitueleza. Kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi. Kwa hiyo maji huchemka mapema kabla hayajawa moto sana. Kule pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Katika mita 4,000 huchemka kwa nyuzi kama 87 tu. Unayaona yanatokota, lakini joto la kuivisha maharagwe halipo.

Hewa hiyo hiyo nyepesi ndiyo inayomdhuru mtu. Katika kila pumzi unayovuta huko, unapata oksijeni kama sehemu 6 tu kati ya 10 unazozipata pwani. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku kadhaa. Ukiupandisha kwa haraka, unagoma. Kwanza kichwa huuma. Kisha chakula hakipiti, mtu anatapika, anaona kizunguzungu, na usingizi haumjii. Akizidiwa anaanza kuyumba kama mlevi na kusema maneno yasiyoeleweka, au anakosa pumzi hata akiwa amekaa. Hapo kifo kiko karibu.

Mzee alitapika mara tatu. Saa tano za usiku nilisikia anaongea. Nilidhani anasali. Nilipowasha tochi nikakuta ameketi, anaita mbuzi wake mmoja mmoja kwa majina yao. Alitaka kutoka nje ya hema awafungie zizini. Nje, hatua chache tu, ndiko kwenye lile korongo.

Kijana alimshika. Akamwambia asimame, atembee kwenye mstari ulionyooka. Mzee aliyumba, akaanguka.

"Tunashuka," kijana akasema.

"Tungoje asubuhi," nikasema. "Ni usiku, njia ni mbaya."

Hapo kijana hakuninyamazia tena. "Mwalimu, dawa ya ugonjwa huu ni kushuka. Hakuna dawa nyingine hapa. Tukingoja asubuhi tutashusha maiti."

Tuliacha hema, tukaacha sufuria na maharagwe yake. Kijana alitangulia na tochi. Mimi nilikuwa nyuma na tochi ya pili. Katikati alikuwa mzee, na aliyemshika kiunoni alikuwa yule mkulima wa chai. Mahali pa mawe makubwa alimbeba mgongoni. Alimbeba, akamtua, akapumua, akambeba tena. Hakusema neno lolote kuhusu mipira iliyokatwa.

Sijawahi kuona usiku mrefu kama ule. Kila hatua nilikuwa nikifikiri nitamwambia nini mke wa mzee. Nitaanzaje? Nitasema ruhusa yangu ilikuwa ya siku tatu?

Kulipopambazuka tulikuwa tumefika mwisho wa barabara ya magari, karibu mita 3,300. Mzee alikaa juu ya jiwe. Akatazama huku na huku, akauliza, "Mbuzi wako wapi?" Kisha akacheka mwenyewe. Akaomba chai. Alipomaliza kikombe cha pili akaomba mkate. Nilijificha nyuma ya kichaka nikalia, msomaji. Sioni haya kukuambia.

Tulirudi nyumbani bila kuliona ziwa.

SAFARI YA PILI

Mwaka mzima nilinyamaza kuhusu mlima. Lakini mzee hakunyamaza. Kila tukikutana sokoni alisema, "Bwana shamba, kuna kitu changu nilikiacha kule juu. Lini tunakwenda kukichukua?" Nilimwambia aende kwanza hospitali apimwe, aseme wazi kilichompata. Alipimwa, akaruhusiwa, akaonywa apande polepole.

Februari 2023 tulirudi, watu wale wale wanne. Safari hii niliomba ruhusa ya siku saba. Langoni nilimwambia kijana mbele ya wote, "Wewe ndiye mkubwa wetu. Ukisema tulale, tunalala. Ukisema turudi, tunarudi."

Tulilala langoni siku mbili. Mchana tulipanda kidogo, tukarudi kulala chini. Siku ya tatu tulilala mwisho wa barabara. Hapo karibu pana maporomoko ya kwanza, yanaitwa Maporomoko ya Nithi. Mkulima wa chai alisimama mbele yake akaloa manyunyu, akasema, "Haya maji kesho yatakuwa kwetu." Mzee akamjibu, "Na kesho kutwa kwetu, mkiyaacha." Wote wawili wakacheka. Nikajua usiku ule wa kubebana haukupotea.

Siku ya nne hatukupita njia ya pembeni ya juu. Tulipita ndani ya korongo lenyewe. Njia hii inapanda, inashuka hadi mtoni, inapanda tena. Mahali pengine ni mawe yenye utelezi. Mahali pengine tulishika mafungu ya nyasi kwa mikono miwili. Mimi nilivaa gambuti zangu za kazini, nikaanguka mara mbili. Vaa viatu vinavyoshika mguu, si gambuti.

Tulitembea kwa mwendo wa mzee. Yeye ndiye aliyetangulia. Tukiona anapumua haraka, tunakaa. Kila tulipokaa tulikunywa maji, na kijana alimwuliza kila mmoja, "Kichwa?" Ukisema uongo hapo, unajidanganya mwenyewe.

Kabla ya mchana tulifika kwenye maporomoko mengine, yanaitwa Vivienne. Jina hilo ni la mwanamke mwandishi, Vivienne de Watteville, aliyekaa katika mlima huu karibu miaka 100 iliyopita. Maji yanaruka kutoka kwenye mwamba mweusi na kupiga chini kwa kishindo. Ukisema neno, mwenzako haoni ila midomo inayocheza.

Baada ya hapo nilianza kuona mambo ya kilimo. Kuna mti wa ajabu huko, una shina nene na kichwa cha majani kama kabichi kubwa. Majani yake yakifa hayaanguki. Yanabaki yamelivalisha shina kama koti, ili baridi ya usiku isiliue. Kuna mmea mwingine ambao usiku hufunga majani yake kama mtu anayefumba mkono. Miaka 20 nimewafundisha watu kufunika udongo kwa majani makavu. Kumbe mlima ulikuwa ukifanya hivyo kabla yangu.

Kisha tukafika mahali tambarare penye majani mafupi na udongo mweusi. Mzee alikanyaga, mguu ukazama hadi kwenye kifundo. Nilichota udongo ule mkono mmoja nikaukamua. Maji yakatiririka kama unakamua tambara lililolowa. Wakati huo mvua haikuwa imenyesha kwa siku nyingi. Nikakamua tena, maji yakatoka tena.

"Haya," nikawaambia, "tazameni chanzo cha mto."

Wote tulikuwa tukidhani mto unatoka kwenye shimo moja, kama maji ya bomba. Sivyo. Mlima wote wa juu ni kama godoro lililonyeshewa. Mvua na ukungu vinaingia kwenye nyasi na kwenye udongo ule mweusi. Kisha maji yanatoka polepole, tone baada ya tone, mchana na usiku, hata wakati wa kiangazi. Chini yake msitu nao unafanya kazi hiyo hiyo. Godoro likiungua, mvua itakuja siku moja kama mafuriko, na kesho yake mto utakuwa mawe.

Na godoro hilo limewahi kuungua. Kijana alituonyesha mahali penye mashina meusi yaliyokufa yakiwa yamesimama. Machi 2012 moto mkubwa uliunguza nyasi na vichaka vya mlima huu. Huko juu mimea hukua polepole sana kwa sababu ya baridi. Kinachoungua kwa dakika moja huchukua miaka mingi kurudi.

Jioni tulifika ziwani.

Msomaji, sijui nikuelezeje. Ziwa hilo linaitwa Michaelson. Liko karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, ndani ya bonde lililochongwa na barafu zamani sana. Maji yake yametulia, kijani kilichoiva. Juu yake limesimama jabali refu karibu mita 300, limenyooka kama ukuta wa nyumba. Wapandaji huliita Temple. Juu ya ukuta ule ndiko tulikokuwa usiku wa kwanza, ndani ya ukungu. Niliangalia juu, nikaona pale mzee alipotaka kutoka kwenda kufungia mbuzi. Sikuweza kusema.

Mzee alikwenda ukingoni. Akavua kofia. Wazee wetu waliuheshimu mlima huu, wakasema Mungu anakaa juu yake. Yeye ni mtu wa kanisa, lakini alisimama pale na kofia mkononi kwa muda mrefu. Kisha akainama, akateka maji kwa kiganja, akanywa.

"Sasa nimechukua kitu changu," akasema.

Chakula cha usiku kilikuwa uji na viazi vilivyopikwa nyumbani. Maharagwe tuliyaacha nyumbani.

KARATASI YA BARAZANI

Tuliporudi, chifu aliita baraza tena. Safari hii sikuhubiri. Nilichukua karatasi kubwa ya katoni, nikachora mto kutoka juu hadi chini, nikaandika majina kwa herufi kubwa. Nikamwita yule mama wa kisomo aje mbele. Nikampa fimbo.

Mama alitazama. Akasoma polepole, akionyesha kwa fimbo: "Ziwa. Maporomoko. Msitu. Chai. Kahawa. Daraja. Mtama. Tana. Bahari." Alipofika mwisho akageuka akauliza, "Kwa hiyo mto huu haukomei kwa watu wa Tharaka?"

"La, mama," nikasema. "Maji ya Nithi mwishowe huingia Mto Tana. Tana hupita Garissa, hadi Bahari ya Hindi. Wako watu wa chini kuliko watu wetu wa chini."

Baraza likanyamaza. Mzee wa Tharaka akasimama. Hakusema habari za wizi. Alieleza jinsi alivyobebwa mgongoni. Mkulima wa chai naye akasimama. Akasema pampu yake itazimwa usiku, ili maji ya usiku yaende chini. Akawaomba wenzake wafanye vivyo hivyo. Kikundi kikaandika zamu kwenye daftari.

Sitakudanganya kwamba ugomvi umekwisha. Wako wanaoiba zamu. Wako wanaolima hadi ukingoni. Wiki iliyopita nilikuta migomba mitatu mipya imepandwa majini kabisa. Lakini tangu siku ile hakuna mpira uliokatwa kwa panga. Mtu akiona pampu inalia usiku, huenda kwa mwenyekiti na daftari.

WEWE NAWE, MSOMAJI

Huenda hutapanda Mlima Kenya. Lakini kila mtu ana mlima, ana mto na ana watu wa chini yake. Nataka ukumbuke mambo haya.

Kwanza, ukipanda mlima mrefu, panda polepole. Ukipita mita 3,000, lala mahali pamoja zaidi ya usiku mmoja kabla ya kuendelea. Usimwache mtu arudi au abaki peke yake.

Pili, mwenzako akiumwa kichwa na kukataa chakula, simameni. Msipande tena hadi apone. Akianza kuyumba, akaongea ovyo au akakosa pumzi, mshusheni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Msimwambie ni uchovu.

Tatu, usiwashe moto ovyo kwenye nyasi za mlimani. Kijiti kimoja cha kiberiti kinaweza kukausha mto wa vijiji vingi.

Nne, ukingoni mwa mto acha nyasi na miti. Uliza ofisi ya kilimo au chama cha watumiaji wa maji ni hatua ngapi zinatakiwa kwako. Ukingo wenye majani ni godoro dogo la shamba lako.

Tano, na hili ni langu mimi na watu wa kazi yangu. Tusiwafundishe watu kuhusu jambo ambalo hatujakwenda kuliona. Na anayejua njia akisema ngoja, tungoje, hata kama ni kijana, na hata kama sisi ndio tunaolipa.

Kesho asubuhi ukienda mtoni kuteka maji, simama kidogo kabla ya kutia ndoo. Jiulize: maji haya yametoka wapi, na nani anayangoja huko chini? Kama hujui jibu, usione haya. Hata mimi sikulijua. Anza kupanda ufuate mto wako, polepole, pamoja na jirani mnayegombana naye.